Muganga Aliyeandika "Amepigwa"

Mara ya kwanza alipokuja kwenye kidirisha changu, alikuja na sikio ndani ya kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, cha kunywea chai. Ndani yake alikuwa ametia maji ya chumvi na sikio la mwanamke mmoja wa mtaa wa chini, ule ulio karibu na mto. Mwenye sikio alisimama nyuma yake, kichwa kimefungwa kwa kitenge, damu imemshuka mpaka kifuani. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali kubwa ya Kindu, mgeni wa wiki chache katika kazi ile. Niliandika kwenye kitabu jina la mgonjwa, mtaa wake, na sababu iliyomleta. Nilipoona kilichokuwa ndani ya kikombe nilirudisha kiti nyuma. Yeye akakiweka kikombe juu ya kitabu changu, katikati ya ukurasa, akanipa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya kumtuma mgonjwa kutoka dispanseri ya mtaa kuja kwetu. Sisi tuliiita transferi. Nyingine zilizonifikia zilikuwa na maneno matatu manne tu. Hii ilisema: sikio la kuume, limekatwa na mume kwa kisu cha jikoni, leo asubuhi, baada ya swala, sikio limeletwa.

Nikamwuliza kama haifai tuandike ajali ya nyumbani, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na karani aliyenitangulia.

"Kwako nyumbani," akaniuliza, "visu vinatembeaka vyenyewe?"

Niliandika kama alivyotaka. Daktari alimshona yule mwanamke, lakini sikio akasema limekwisha kufa, halitashika tena. Mwenye kikombe, Mama Muganga, akamwaga maji kwenye majani, akalifunga sikio katika kipande cha shuka safi na kumpa mwenyewe akalizike. Kisha akaomba sabuni, akakiosha kikombe, akakijaza maji ya mtungini kwetu, akanywa mpaka mwisho akiwa amesimama pale pale. Nilimwangalia nikajua kwamba huyu mtu nitamwogopa. Nilimwogopa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilidhani kumwogopa na kumheshimu ni kitu kimoja.

Mama Muganga ndilo jina alilokuwa nalo kwa watu wote, na mimi sitampa jingine. Kwao hasa ni wapi, sikumwuliza. Wengine walisema Kasongo, wengine Kibombo. Alifunga kitambaa kichwani kama wanawake wa Kiislamu wa mji wetu na hakukosa swala, ila mwezi wa Ramadhani alikuwa akigombana na waliofunga huku wana mimba, akiwafungulia sufuria mwenyewe. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa viatu vya plastiki vilivyolia alipotembea katika tope, hata watu walimsikia kabla hawajamwona.

Dispanseri yake ilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja na mizani ya kupimia watoto. Asubuhi alikaa pale saa mbili tatu, kisha alifunga mlango na kutoka. Serikali ilimtaka akae angoje wagonjwa. Yeye alisema mgonjwa anayeweza kutembea hadi kwake amekwisha kupata nafuu. Mgonjwa mwenyewe ni yule aliyebaki nyuma ya nyumba. Basi alizunguka mtaa hadi mtaa, akichanja watoto, akishika matumbo ya wajawazito, akichungulia vyoo. Alikuwa na hila yake. Akifika nyumba ya watu, aliomba maji ya kunywa. Wakienda kumletea, yeye alijipeleka jikoni kabla ya kualikwa, akahesabu kwa macho waliopo. Kama mke wa nyumba hakutokea kumsalimu, au alitokea lakini amejifunika uso, aliketi. Akishaketi, hakuondoka.

Wakati ule, lazima niseme, kila mtu alikuwa anaanguka. Mke alianguka kisimani. Mfungwa wa jandarme, askari wa serikali, alianguka kwenye ngazi, na kambi ya majandarme haikuwa na ngazi hata moja. Mwenye duka aliyekataa kuchangia sikukuu ya chama alianguka kutoka kwenye baiskeli. Lilikuwa neno la nchi nzima. Tulilisema bila kufikiri, na mimi niliyeliandika kila siku niliona ni neno la adabu, neno linalomwacha kila mtu arudi nyumbani kwake salama.

Yeye alilikataa. Transferi zake aliziandika Kifaransa kama tulivyotakiwa wote, isipokuwa mahali pa sababu. Hapo aliandika Kiswahili, ili mgonjwa akisomewa asikie mwenyewe kilichosemwa juu yake. Amepigwa. Amepigwa na nani, kwa kitu gani, mahali gani pa mwili, saa gani. Mkubwa wa hospitali alimwita mara mbili kumkanya kwamba kazi ya muganga ni ugonjwa na hukumu ni ya wengine. Alisikiliza, akasema ndiyo, kesho yake akaandika vile vile.

Nilidhani ni ukaidi tu mpaka siku ya mfanyakazi wa reli. Aliletwa kwa mkokoteni kutoka stesheni, anatembeza macho, hana jeraha hata moja. Wenzake walioogopa walisema amepatwa na jua. Bahati yake, alikuwa amepita kwa Mama Muganga kwanza, na karatasi ilisema: amepigwa na askari kwa kitako cha bunduki, mbavu za kushoto, chini, jana asubuhi, ngozi haikuchanika, leo anasema bega la kushoto linamwuma. Daktari, mtu mkimya ambaye hakupenda maneno, alisoma mstari ule mara mbili na kukimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Walimpasua mchana ule ule wakakuta wengu umepasuka na tumbo limejaa damu. Alipona. Baadaye daktari alipita kwenye kidirisha changu, akasema kama anayejisemea, "Ningempa dawa ya jua, angekufa jioni." Akaendelea na safari yake.

Nilimweleza Mama Muganga habari ile nikitegemea atafurahi. Alisema tu kwamba anayeanguka na anayepigwa hawavunjiki mahali pamoja, na muganga asiyejua hilo ni fundi seremala.

Mkono wake haukuwa mwepesi kwa kalamu peke yake. Alipiga watu. Hili watu wengi waliomsifu baadaye wanaliruka, lakini mimi nililiona. Mtaani kwake kulikuwa na bibi kizee mmoja, mwenye heshima, aliyekuwa akitibu surua kwa kukamulia majani machoni mwa watoto. Mjukuu wa jirani aliletwa kwake, na Mama Muganga aliponusa habari alifika jicho la kwanza limekwisha kuwa jeupe na bibi ameshika majani mengine kwa ajili ya la pili. Alimpiga bibi kofi la uso, kofi la mtu mzima kwa mtu mzima, majani yakaruka. Akamtwaa mtoto, akaja naye kwetu mbio, mama yake akimfuata analia.

Jicho la pili lilipona. Lakini kumpiga mtu aliyeweza kumzaa ni jambo zito, na wazee wa mtaa walimwita. Nilikuwepo. Alikwenda na kuku, akapiga magoti mbele ya bibi, akamshika miguu, akaomba radhi kwa machozi ya kweli. Bibi akamwinua. Watu wakaanza kupumua. Ndipo akasema, bado amemshika bibi mkono, "Lakini mama, ukiwakamulia tena, nitakupiga tena. Nakwambia mbele ya wazee wasishangae."

Wazee walitazamana. Mmoja akacheka, kisha wote. Bibi hakucheka, ila majani hakuyashika tena.

Kulikuwa na karatasi za namna nyingine pia, zisizokuja kwangu. Hizo zilikwenda kwenye ofisi ya mambo ya jamii, chumba kilichokuwa na meza moja na msaidizi mmoja aliyependa kulala. Mke aliyepigwa, akishashonwa kwetu, alirudi wapi? Nyumbani kwa mpasuaji, alisema Mama Muganga, maana yake kwa mume, ili apasuliwe apate kushonwa tena. Kwa hiyo aliandika karatasi kwa msaidizi yule ili amtafutie mwanamke mahali: kwa masista ng'ambo ya mto, kwa shangazi, popote. Karatasi peke yake ilikuwa inalala kama mwenye ofisi. Basi Mama Muganga alikwenda na wanawake wake, wakaketi sakafuni, watatu, wanne, na watoto wao, mpaka msaidizi akose pa kupitisha miguu. Alikuwa akimwambia kwa upole kabisa, "Usijali baba, tuko tunangoja tu." Saa tisa mahali palikuwa pamepatikana.

Wanaume wa mji walimchukia kwa ajili ya karatasi hizo. Mmoja wao, mbeba mizigo wa bandarini, alimfuata nyumbani na panga mchana wa Jumapili, akitaka aambiwe mke wake amefichwa wapi. Mama Muganga alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Jirani wanasema mwanaume alivunja mlango wa uani kwa teke, akapiga kinu kwa panga hata kikapasuka, akainua panga mara ya pili. Halikushuka. Mchi ulimkuta kwenye kiwiko, kisha kichwani, kisha kichwani tena alipokwisha kuwa chini, na hilo la tatu majirani walisema halikuwa la lazima.

Alimleta kwetu mwenyewe, kwenye mkokoteni wa jirani. Nilifungua transferi nikasoma: mwanaume, amepigwa mkono wa kuume na kichwani, mara tatu, kwa mchi wa sombe, aliyempiga ni mimi. Na chini yake sahihi yake na muhuri wa dispanseri.

Nilimnong'oneza kwamba anaweza kufungwa kwa karatasi hii, kwamba niko tayari kuandika ameanguka.

"Karani," alisema, "kama mimi nikianguka katika karatasi yangu, wale wengine wote nitawaambia nini?"

Alifungwa siku nne. Mtu yule alipona, mkono ukabaki umepinda, na akawa anampisha njia.

Nisije nikamfanya malaika wa kisasi. Siku za sikukuu za chama, wakati mji wote ulipokusanywa uwanjani kucheza na kumwimbia Kiongozi, Mama Muganga alikuwa mstari wa mbele, na kitenge chenye picha, anacheza kwa kiuno kuliko wasichana. Nilimwuliza siku moja kama anaamini maneno ya nyimbo zile. Alisema anacheza ili waone anacheza. Mtu anayeonekana akicheza, hawamfuati sana akitembea. Alipenda ugoro. Alikuwa mchoyo wa sabuni. Wauguzi wenzake aliwatukana mpaka wakalia. Na mimi nadhani alipenda ugomvi wenyewe, alipenda joto lake, kama wengine wanavyopenda pombe. Siku ambazo hakukuwa na mtu wa kupigania alikuwa mkali zaidi.

Sasa nifike kwenye watu wa Pangi.

Kule msituni watu walichimba mawe ya bati bila ruhusa, usiku na mchana, na walinzi wa machimbo pamoja na majandarme waliwawinda. Wachimbaji watatu walishikwa, na baadaye wakatupwa nje ya kituo. Waliletwa hadi Alunguli, ng'ambo ya mto kwetu, na ndugu zao, wawili juu ya baiskeli na mmoja juu ya machela, njia ya siku mbili. Mama Muganga alikuwa Alunguli siku hiyo kwa chanjo. Aliwaona wakishushwa ufukweni. Wawili walikuwa wamepigwa nyayo kwa chuma hata miguu haikuwa na umbo la miguu. Wa tatu alikuwa na risasi pajani na inzi walikuwa wamefika kabla yake. Yeye mwenyewe alivuka nao katika pirogue, mtumbwi wa gogo, amemshikilia huyu wa tatu asitumbukie mtoni kwa homa yake, na karatasi zao aliziandika juu ya goti, katikati ya maji. Ndiyo maana herufi ziliyumba. Zilisema yote: kituo gani, siku gani, chuma cha namna gani, na cheo cha kamanda aliyesimama pale akiangalia.

Nilizipokea, nikawaingiza kitabuni kwa maneno yake. Walilazwa. Jioni hiyo alikaa nao mpaka nilipofunga kidirisha.

Asubuhi kamanda yule aliyetajwa kwenye karatasi alikuja. Alikuwa na askari wawili, viatu vimepakwa rangi vizuri, manukato. Hakunipigia kelele. Alinisalimu, akauliza habari za watoto, akawataja majina yao mmoja mmoja.

"Iko karatasi za watu wa Pangi?" akasema.

"Ziko, mukubwa."

"Leta."

Nilizileta. Hakunigusa, hakunitisha kwa neno lolote. Napenda kusema alinitisha, lakini hakunitisha. Nilizitoa kwenye faili kwa mkono wangu na kumpa. Alizikunja, akazitia mfukoni, akanishukuru. Kisha akaenda wodini na askari wake. Waliwatoa wale watatu vitandani. Yule wa risasi alikuwa bado na sindano ya chupa ya maji mshipani, waliing'oa. Mmoja alishika mguu wa kitanda na kitanda kikaburutwa naye mpaka mlangoni, kikilia sakafuni, na wodi nzima ya wagonjwa ikiangalia ukutani. Sikuwaona tena. Hakuna aliyewaona tena.

Kesho yake walimfuata Mama Muganga. Walimkuta nyumbani kwa mwanamke aliyeungua na mafuta, anamfunga bendeji. Walimruhusu amalize fundo, hilo walilisimulia wote. Walimpeleka kambini na kumlaza kifudifudi uwanjani, mahali panapoonekana kutoka barabarani, saa ya watu kurudi kutoka sokoni. Walimpiga fimbo mgongoni na makalioni, wakipokezana. Walimtaka ahesabu mwenyewe kwa sauti. Wanawake wa soko waliosimama na beseni vichwani wanasema alianza vizuri, moja, mbili, kisha akaacha kuhesabu akaanza kuwataja wao: huyu niliyemzalisha mke wake, huyu mtoto wake niliyemchanja. Hapo ndipo wakaacha fimbo wakaanza kutumia viatu.

Wanawake wale wale walimleta kwetu juu ya mlango uliong'olewa. Hakuwa na fahamu. Walimlaza chali, kwa sababu mtu juu ya mlango hulazwa chali, na mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika na kugeukia nje, kila mtu akauona huo. Hakukuwa na karatasi. Nani angeiandika?

Askari wa kamanda alikuwa amewatangulia. Alisimama karibu na kidirisha changu akila karanga.

"Aliteleza kwenye pirogue," alisema. "Andika."

Nikaandika: ameanguka.

Daktari wetu mkimya alikuwa amesafiri. Aliyekuwa zamu alikuwa mgeni, kijana wa watu, akasoma nilichoandika, akamtibu mtu aliyeanguka. Aliunganisha mguu vizuri sana. Aliufunga, akauinua, akaagiza asisogezwe. Alilala hivyo hivyo, chali, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Homa ilipanda wakampa dawa ya malaria. Hakuna aliyemgeuza. Asubuhi ya nne, muuguzi mmoja, katika wale aliowatukana mpaka wakalia, alisikia harufu, akaita wenzake, wakamgeuza.

Nilikuwa mlangoni. Shuka ilitoka na ngozi. Muuguzi yule alitoka nje akatapika, kisha akarudi akanawa mikono akaanza kazi, na alipokuwa akipita karibu nami aliniuliza, bila kunitazama, "Nani aliandika huyu alianguka?"

Alijua mapokezi ni nani.

Mkojo wake ulikuwa damu wiki nyingi. Alikaa kwetu msimu mzima wa mvua. Alipotoka, mgongo haukupinda tena. Ilimlazimu kukunja magoti ili aokote kitu, na kwenye kiti hakuegemea tena maishani. Kamanda alihamishwa mkoa mwingine akapandishwa cheo. Na yeye alirudi mtaani kwake na viatu vyake vya plastiki, hatua fupi sasa, akiomba maji ya kunywa katika nyumba za watu. Wiki ile ile karatasi ilinifikia: amepigwa, na nani, kwa kitu gani, saa gani. Mwandiko ulikuwa ule ule.

Alikuwa akija kidirishani kama zamani. Alinisalimu, akauliza watoto. Nilichukua karatasi zake nikiangalia vidole vyake tu. Niliandika kila neno alilotaka, hata wakubwa waliponionya, nikajiambia huko ndiko kulipa. Lakini sikusema. Mwaka uliofuata niliomba nihamishiwe stoo ya dawa, nyuma, mahali pasipo na dirisha.

Miaka ilipita, mishahara ikakoma kuja, dawa zikakoma kuja, stoo ikabaki na mimi na panya. Nilistaafu. Yeye aliachishwa kazi kabla yangu kwa sababu ya umri, dispanseri ikafungwa, lakini watu waliendelea kwenda nyumbani kwake, naye aliendelea kuwaandikia karatasi, sasa bila muhuri, na hospitali ilizipokea bila muhuri.

Asubuhi moja nilikwenda kwake. Zilikuwa siku mbaya. Askari waliokosa mshahara walikuwa wametoka kambini wakavunja maduka ya barabara ya stesheni, na moshi ulikuwa bado unasimama juu ya mji. Pengine ndiyo sababu nilikwenda. Niliona tunaweza kufa wiki ile mimi nikiwa sijasema.

Nilimkuta amesimama mlangoni kwake, mnyoofu, mzee sana, mikono ina damu mpaka viwikoni. Sikuuliza damu ya nani. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njiani na niliogopa yangenipotea.

"Mama," nilisema, "zile karatasi za watu wa Pangi ni mimi nilizitoa. Na siku walipokuleta, ni mimi niliandika ulianguka."

Alinitazama.

"Najua mwandiko wako," alisema. "Siku ya kwanza nilisimama kwa miguu yangu, nilikwenda kusoma kile kitabu. Nilikuwa nangoja uje useme wewe mwenyewe." Akapumua. "Umekawia, karani. Wale watatu hawakuweza kukungoja."

Kisha akanipiga. Sikuliona kofi likija. Lilikuwa zito, la mtu anayejua kupiga, na niliona nyeupe, nikashika fremu ya mlango. Nilianza kulia, mzee na mvi zangu, na nikataka kupiga magoti kama yeye alivyowahi kufanya kwa yule bibi.

"Utalia kisha," alisema. "Nilikuwa nangoja muntu mwenye mikono. Ingia."

Ndani, juu ya mkeka, alikuwa amelala mwenye duka wa barabara ya stesheni, ninayemjua, niliyenunua kwake chumvi miaka yote. Walikuwa wamemchoma tumboni na bayoneti, na Mama Muganga alikuwa amemfunga kwa shuka mbili, moja juu ya nyingine, akamwekea karatasi yake kifuani chini ya kifungo cha shati. Mke wake alikaa kando anamshika kichwa. Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba. Mama Muganga hakuweza kuinama, basi yeye alitangulia, mimi nikashika upande wa miguu na mke upande wa kichwa, tukatoka.

Njia ya hospitali ilipita barabara ile ile. Mbele ya duka lililoungua askari walikuwa wamefunga kamba kukata njia, vijana wanne, wamelewa, mmoja amevaa koti la harusi juu ya sare. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba tuzunguke. Mke alisema mume wake hataweza kuzunguka. Mama Muganga hakugeuka. Hatua zake fupi hazikubadilika.

Yule wa koti aliinua bunduki.

"Nini hii munabeba?"

"Kazi yenu," alisema Mama Muganga. "Fungua njia."

Kijana alikuja mpaka karibu, akafunua shuka kwa ncha ya bunduki, akaangalia. Nilisikia damu ikidondoka kutoka kwenye kamba za kitanda juu ya kiatu changu. Sijui aliona nini katika uso wa mtu yule. Alirudi nyuma, akaenda kuishika kamba kwa mkono wake, akaiinua, akaendelea kuishikilia juu huku ameangalia pembeni, na sisi tukapita chini yake mmoja mmoja, Mama Muganga mbele, na shavu langu likiwa bado linawaka.